Salamu za Sajenti Fidelis

Sajenti mstaafu Fidelis wa Lumemo, Ifakara, alijivunia vitu viwili: mpunga wake na masikio yake. Mpunga ulikuwa mzuri kweli. Masikio yalikuwa yamekufa siku nyingi, ila mwenyewe alikataa kutangaza msiba.

Aliyaulia jeshini, kwenye mizinga. Vikinga masikio walipewa, lakini yeye na wenzake waliona hivyo ni vya wapishi na makarani. Mwanaume wa mzinga alipanua mdomo, akafumba macho, na mshindo ukampiga kifuani kama teke la ng'ombe. Wakitoka mazoezini waliongea kwa kupayuka na kucheka, wakaita huo ndio uhodari. Aliporudi Ifakara na cheo chake alirudi pia na nyenze kichwani, wadudu wanaolia kiangazi na masika, na usingizi wa kugawana nao, na hasira za karibu. Daktari alimweleza mkewe, Levina, kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vikipigwa na mshindo ni kama miche ya mpunga iliyokanyagwa na ng'ombe, haiinuki tena, lakini kipo kifaa cha kumsaidia. Fidelis akasema kifaa apewe daktari, maana ndiye anayenong'ona.

Aliishije? Aliishi kwa salamu. Salamu zetu zina foleni yake: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, shamba, tunamshukuru Mungu. Anayeijua foleni hana haja ya kusikia. Anangoja mdomo wa mwenzake ufunge, anatupa jibu. Fidelis alitupa majibu kwa miaka, nasi tukaridhika, maana na sisi tunaouliza huwa hatusikilizi. Walioumia ni waliomsalimia kwa nyuma. Hao hawakupata marahaba, na mtaa ukatoa hukumu: pensheni imempanda kichwani. Hajira tu, mke wa Haidari mwenye duka, ndiye aliyezunguka meza ya duka, akaja kusimama mbele ya uso wake, ndipo akamsalimia. Wenye midomo wakasema hapo pana jambo.

Haidari alikuwa rafiki pekee aliyembakia. Kila jioni walikaa kwenye benchi la duka na kahawa yao, Haidari akisimulia, Fidelis akitikisa kichwa.

Mwaka huu, mpunga ulipoanza kukomaa, Levina alikwenda Mchombe kumuuguza dada yake. Asubuhi moja Fidelis alikuwa akiwahi shambani kuamia ndege, na kama kawaida akasimamisha baiskeli mbele ya duka. Haidari alikuwa amekaa peke yake mlangoni. Fidelis akauliza habari za asubuhi.

"Hajira ametutoka, Sajenti," Haidari akasema. "Alfajiri hii."

"Vizuri, tunamshukuru Mungu," akajibu Fidelis, akapanda baiskeli yake.

Hajira akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Evod, jirani yetu, alitumwa shambani kumwita rafiki wa mfiwa. Akasimama kwenye tuta, mbali, kwa sababu hakutaka kuchafua viatu, akaita mpaka koo likamkauka. Sajenti hakugeuka. Alikuwa akirusha udongo kwa kombeo, anafukuza ndege. Evod akarudi na taarifa kwamba mtu amekataa mazishi, nasi tukaipokea taarifa kwa furaha isiyofaa msibani.

Levina alirudi kesho yake. Akamshika mumewe mashavu, akamwambia neno mojamoja, usoni. Fidelis akaketi chini. Kisha akavaa shati jeupe, akaenda msibani.

Tulikuwa tumejaa kwenye mikeka, na hakuna aliyesogea kumpisha. Akasimama mbele ya Haidari na kuongea kwa sauti ya amri, maana hakuwa na nyingine.

"Haidari, mimi ni kiziwi. Mizinga iliniua masikio, nikaona haya kusema. Sikusikia kwamba Hajira amefariki."

Haidari akajibu polepole, ameinamisha kichwa. Fidelis alimtazama mdomo akashindwa. Foleni ya salamu haina jibu la hapo. Basi akanigeukia mimi niliyekuwa karibu, akauliza swali ambalo hajawahi kumuuliza mtu tangu avue magwanda.

"Amesemaje?"

Ilinibidi niinuke, niweke mdomo sikioni kwake na kupayuka, mbele ya Evod na wote waliompa hukumu, na mimi mmoja wao.

"Anasema Hajira alijua. Alijua siku zote, akamkataza mumewe asikuaibishe. Ndiyo maana alikuwa anakuja mbele yako."

Fidelis akalia kwa sauti kubwa, asiyoisikia mwenyewe. Haidari akamvuta mkono, akamketisha kwenye mkeka, mbele ya uso wake.