Kitanda cha Adelard

Venance alichonga jina kabla mtoto hajazaliwa, na mimi niliyekuwa nikipaka vanishi pembeni yake sikumkataza. Kipimo kilikuwa kimesema wa kiume, baada ya wasichana watatu, basi karakana nzima pale Keko tulikunywa soda. Akachagua ubao wa mninga wa kichwani mwa kitanda, akachimba kwa patasi herufi saba: ADELARD. Ni jina la marehemu baba yake. Siku zake za mwisho mzee alimshika mkono akamwomba, "Nipatie mjukuu wa jina langu, nisipotee." Venance akaahidi.

Kipimo kilikosea. Alizaliwa msichana.

Hakugomba, wala hakumtukana mkewe. Angegomba, ningekuwa na la kumwambia. Aliupiga msasa tu ule ubao hadi herufi zikaisha, likabaki bonde, na kitanda akakipeleka nyumbani hivyohivyo. Kwa desturi ya ukoo wao baba ndiye anayetoa jina, kwa hiyo mkewe, Benedicta, akasubiri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Venance aliondoka kabla mtoto hajaamka, na akirudi alikula huku ameukodolea macho ukuta.

Sisi mafundi tulimfariji kwa ujinga wetu. "Braza, bado una nguvu, jaribu tena," nilimwambia. Mdomo wangu huu! Mwingine akamwambia ashukuru, kuna wasiopata kabisa. Aliitikia kila kitu na akazidi kukonda.

Aliyejua la kusema ni Bi Bahiya, mwenye duka la misumari na gundi ng'ambo ya barabara. Asubuhi moja tulikwenda kwake kununua msasa. Venance alipomwamkia, yule mama akamsogezea kiti.

"Marahaba. Keti, mwanangu. Baba yako ulimlilia?"

"Sikupata nafasi, Bi Bahiya. Mazishi nilisimamia mie."

"Basi mlilie leo. Huyo mtoto humchukii. Unamngoja mzee arudi, na mzee harudi."

Akalia mbele ya makopo ya gundi, mtu mzima wa miaka arobaini, na mimi nimesimama mlangoni sijui pa kuweka mikono. Niliona aibu kwa kila nilichowahi kumwambia. Bi Bahiya hakumnyamazisha. Kilio kilipopungua akasema, "Mkeo kapita hapa sasa hivi, anampeleka mtoto kliniki. Kapita peke yake."

Tulipanda bodaboda moja wote wawili. Kliniki ilikuwa imejaa akina mama. Nesi akaita, "Mtoto wa Benedicta," kwa kuwa kadi haikuwa na jina, na Benedicta akainuka na kichanga chake cha wiki sita. Venance akapenya katikati ya mabenchi, akanyoosha mikono. Mkewe alimtazama muda mrefu kabla ya kumpa.

Mtoto akaangua kilio. Alijikunja, akageuza kichwa kumtafuta mama yake, kwani ile harufu ya vumbi la mbao hakuijua, wala ile sauti iliyokuwa ikimbembeleza.

Nesi aliinua macho kutoka kwenye kadi. "Na wewe kaka, ni nani yake?"

"Baba yake," alisema Venance, lakini kilio kilikuwa kikubwa, nesi hakusikia, na ikabidi baba amrudishe mtoto kwa mama.