Odielo Hadi Mlangoni

Nilipoolewa karibu na Rodi Kopany, miaka ya tisini ikianza, nilikuta kitu kimoja kilichompa mwanamke sifa kuliko kupika na pengine kuliko kuzaa: uwanja uliofagiwa. Sisemi kupitishapitisha ufagio. Nasema kufagia mpaka udongo unabaki mtupu, jani hakuna, kijiti hakuna, mistari ya ufagio imelala sawasawa kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa miti ya euphorbia. Kabla ya chai ya asubuhi, wanawake wote wa kijiji tulikuwa tumeinama. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Ungeweza kumwaga uji uwanjani kwake na kuula.

Mimi ni mtu wa Migori, na huku mke huitwa kwa jina la kwao, basi mama mkwe aliniita Nyar Migori, binti wa Migori. Kila nilipokosea, kosa lilikuwa la Migori nzima. "Nyar Migori, kwenu hamna fagio?" Nilifagia, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Baada ya miaka michache baba mkwe alitutoa nyumbani kwake, tuanzishe boma letu. Kwa Waluo jambo hili halifanywi ovyo. Mzee alitangulia mbele alfajiri, mume wangu nyuma yake na shoka, kijana wetu wa kwanza na jogoo, nami nimebeba moto. Alituonyesha mahali kwenye mteremko, chini kidogo ya boma lake, akasema, "Hapa." Tukajenga nyumba ya udongo yenye mabati, nikaiona nzuri kuliko ikulu. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Siku tuliyohamia, nilitoka mlangoni kwa hatua moja ya kawaida. Mwaka wa pili nikaweka jiwe la kukanyagia. Baadaye nikaweka la pili juu yake. Siku moja nimesimama pale na ufagio mkononi, nikayatazama yale mawe, nikajiuliza: kwani nyumba hii inapanda? Yawa! Nyumba haipandi. Uwanja ndio ulikuwa unashuka. Tunafagia, tunalegeza udongo, mvua inakuja inauchukua, kesho tunalegeza mwingine. Tulikuwa tunaupeleka uwanja wetu ziwani wenyewe, na tunasifiwa kwa kazi hiyo.

Nilimweleza mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari, na kule alikuwa ameona nyumba ya meneja iliyozungukwa na nyasi. Akasema, "Hilo ni jambo dogo. Tutapanda nyasi." Mwezi uliofuata alikuja na magunia mawili ya nyasi za kizungu, akapanda kwa mistari, akanipa mpira wa kumwagilia maji. Mpira! Nikamwuliza niuunganishe wapi, kwenye shavu langu? Bomba hatukuwa nalo. Maji nilikuwa nayateka kisimani, nabeba kichwani, napanda nayo kilima. Nyasi zile zilikunywa kuliko ng'ombe. Kiangazi kilipofika nilikuwa nachagua nani anywe, watoto au nyasi za meneja. Nikachagua watoto. Nyasi zikakauka, kuku wakamalizia mizizi.

Mvua iliyofuata iliukuta mteremko uchi kabisa. Maji yalichimba mfereji kutoka juu, ukapinda, ukaja moja kwa moja kwenye kona ya nyumba, upande tunaolala. Ukuta ukapata ufa wa kuingiza kidole. Tulimwita fundi aliyetujengea. Alichutama pale kwenye kona, akagonga ukuta kwa ngumi, akasimama akijipangusa magoti.

"Mkipata mvua nyingine kama hii, kona inaenda," alisema. "Na ikienda, msijenge hapa tena. Hameni."

Kuhama! Alisema kama mtu anayekuambia hamisha kiti. Kuhama boma si kubeba mabati. Lazima baba akutangulie, na baba yetu alikuwa ardhini. Mmoja wa ndugu zake angeweza kushika nafasi yake, lakini walikuwa hawazungumzi wao kwa wao hata msibani, nani angekubali mwingine atuongoze? Tungebaki bila boma, watu wazima wenye watoto, tukirudi kubanana kwa mama mkwe kama wageni. Usiku sikulala kwa hasira.

Masika yalipoanza nilikwenda Migori kumsalimia mama yangu. Ukingo wa barabara mbele ya nyumba yake ni mkali kama paa, lakini udongo wake haujawahi kuteremka. Miaka yote nilipita pale bila kutazama. Safari hii nilitazama. Ukingo mzima ulikuwa umefunikwa na mmea wa kutambaa wenye maua madogo ya manjano, kila kifundo cha shina kimeshika ardhi kwa mizizi yake. Nilivuta shina moja, likakataa kutoka. Nikacheka peke yangu barabarani. Nilirudi Rodi na gunia la vipandikizi, na kondakta akataka kujua kama napeleka mboga harusini.

Gunia moja halikutosha mteremko ule, basi nikatafuta mimea mingine yenye tabia kama hiyo. Marando ya viazi vitamu nilikuwa nayo shambani. Halafu kuna odielo. Mkulima yeyote wa huku ukimtajia odielo anakunja uso. Ndilo lile gugu lenye maua ya buluu linaloota katika mahindi. Unaling'oa asubuhi, unalitupa kando, jioni limeshika mizizi hapo hapo ulipolitupa. Nikasema, wewe unayekataa kufa, njoo nikupe kazi.

Nilipanda kwa mistari ya kukata mteremko: maua ya manjano kwenye kingo za ule mfereji, odielo katikati, marando karibu na nyumba ambako mbuzi hawafiki. Nikalaza mawe bapa toka mlangoni hadi langoni, watu wapite bila kukanyaga. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama kwenye ua kunitazama. "Mayoo! Nyar Migori anapanda odielo!" Walicheka mpaka wakashika magoti. Niliwaambia wacheke vizuri, wasije wakaangusha nyanya zao.

Mama mkwe hakucheka. Kwake yeye, majani yakifika mlangoni maana yake ni moja tu: gunda, boma lililohamwa, ambalo wenyewe wamekufa au wamekimbia. "Unamwita nani aje afe hapa?" aliniuliza. "Na nyoka je?" Nikamwonyesha kwamba majani hayafiki hata kifundo cha mguu, nyoka atajifichaje? Hakunisikia. Asubuhi moja nilitoka nikamkuta ameinama na jembe, ameshang'oa kipande kizima cha odielo chini ya dirisha letu.

Nilishikwa na hasira. Nikaenda nikasimama mbele ya jembe lake. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe hivyo, najua, lakini nilisimama.

"Mama," nikamwambia, "mahali hapa alituonyesha mzee. Nyumba ikianguka, nani atatutangulia kwenda pengine? Wewe umeona hiyo kona. Niachie mvua moja tu. Kona ikianguka, nitafagia kwako na kwangu mpaka nizeeke."

Aliitazama ile kona. Kisha akaweka jembe begani. "Mvua moja," alisema, akaondoka bila kuaga. Nami nikachukua odielo alizong'oa nikazipanda tena. Baada ya wiki huwezi kujua kama ziliguswa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Kama ningejua mvua iliyokuwa njiani, labda ningeomba nipewe nyingine! Kila aliyekuwa hai anaikumbuka Elnino. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku, ikapumzika kidogo kama inayomeza mate, ikaanza tena. Barabara ya Rongo ilikatika. Viwanja vilivyofagiwa vikageuka mito ya matope mekundu, majiko yakaporomoka, kuku wakachukuliwa na maji. Nililala nimeweka kiganja ukutani kwenye ufa, nikiusikiliza kwa mkono. Mume wangu, ambaye hakuweza kurudi kazini, aliniambia, "Kama hiyo kona itakwenda, itakwenda na mkono wako."

Haikwenda. Asubuhi moja mvua ilipopungua nilitoka nje, nikashuka hadi chini ya mteremko kutazama maji yanayotoka bomani kwetu. Kwa jirani yalitoka mekundu, mazito kama uji wa wimbi. Kwangu yalipita katikati ya majani polepole, yakatoka meupe, ungeweza kufulia shuka. Ule mfereji ulikuwa umejaa maua ya manjano. Jamani, nilipiga kigelegele! Peke yangu kwenye matope, kanga imelowa, nilipiga kigelegele mpaka mume wangu akatoka mbio akidhani nimeumwa na kitu. Akatazama, kisha akasema hata meneja hana uwanja kama huu. Nikamwambia amwambie.

Siku chache baadaye mama mkwe alikuja kwetu akiwa amejifunika gunia kichwani, matope hadi magotini. Hakukaa nilipompa kiti.

"Nyar Migori," alisema, "maji yamemfikia mzee."

Tulipanda naye mbio. Kaburi la baba mkwe liko uwanjani kwake, upande wa kulia wa nyumba, na hakuna siku ambayo mama mkwe alikosa kufagia kando yake tangu tumzike mzee. Sasa udongo wote wa upande wa miguuni ulikuwa umekwenda. Saruji ilikuwa inaning'inia, chini yake pana shimo jeusi ambamo maji yalikuwa yanaingia. Mama mkwe alipiga magoti pale, akaanza kuziba kwa viganja, anaweka udongo, maji yanauondoa, anaweka tena. "Analowa," alisema. "Mume wangu analowa." Nilikuwa nimengoja miaka kusikia ameshindwa, na siku hiyo sikufurahia hata kidogo.

Mume wangu alileta mawe na udongo wa kichuguu, tukaliziba shimo. Mimi nilirudi bomani kwangu, nikakata kila kilichokatika: odielo, marando, maua ya manjano. Tulipanda mimi na mama mkwe, bega kwa bega, tukizungusha kaburi lote. Nilimwonyesha jinsi ya kukandamiza kifundo ardhini, na baada ya kidogo alikuwa ananikosoa kwamba naacha nafasi kubwa mno.

Mvua zilipokwisha, kaburi lilikuwa kijani pande zote. Jirani mmoja, mjane kama mama mkwe na mfagiaji wa sifa, alipita na kikapu akaita kwa sauti ya kusikika: "Mama, hata mzee mnamzika upya kwa magugu?"

Mama mkwe alikuwa ananisaidia kukata vipandikizi. Aliinuka polepole, akajinyoosha mgongo, akaweka mikono kiunoni.

"Mume wangu amelala pakavu," alisema. "Wako je?"

Yule mama alishika njia na kikapu chake. Jioni alirudi na gunia tupu, na mama mkwe ndiye aliyemjazia.