Bakuli Ambalo Shemeji Hakupewa

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka kijiji cha Ikonge, nikaambiwa kwamba mama aliyekuwa akiniuzia ndizi katika soko la Daraja Mbili amefariki. Niliuliza amekufa kwa nini, nikajibiwa ni nimonia. Nilishusha pumzi. Wasomaji wangu, nakiri: kwa miaka mingi niliamini kwamba angeuawa kwa panga.

Panga lilikwisha kumfikia mara moja. Mumewe alipozikwa, shemeji yake alidai kuwa shamba la migomba ni la ukoo, mjane hana lake. Asubuhi moja akaingia na kuanza kuifyeka migomba yenye mikungu michanga. Mama alikwenda akasimama mbele ya mgomba uliofuata, akainua mkono wa kushoto kumzuia. Shemeji hakusita. Vidole viwili viliangukia kwenye majani makavu, na mama alipopiga magoti kuvitafuta, shemeji akampiga teke la mbavu. Majirani ndio waliomnyang'anya panga. Shemeji alishtakiwa, kisha akaachiliwa kwa dhamana.

Kabla ya kesi kusikizwa, wazee wanne walikwenda kumsihi mama aiondoe, mambo yaishe nyumbani. Mimi niliombwa niandamane nao kwa kuwa tulifahamiana. Shemeji naye alikuja. Tulimkuta mama jikoni akitutayarishia pudini ya ndizi, maana mgeni kwake alikuwa mgeni tu. Alikuwa akikoroga maziwa, viini vya mayai, sukari na unga wa kastadi juu ya moto mdogo, mkono wenye bendeji ukiishikilia sufuria kwa shida. Katika bakuli kubwa la kioo alipanga biskuti, akatandaza vipande vyembamba vya ndizi mbivu, akamimina kastadi, akarudia hivyo hadi bakuli likajaa. Tulipokuwa tukingoja ipoe na biskuti zilainike, tulimhubiria amani. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Akapakua vibakuli vitano, tukaanza kula. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, mpakulie na shemeji yako, yaishe."

"Wazee wangu," akajibu kwa sauti ya chini, "huyu hajavitaja vidole vyangu hata mara moja. Akivitaja, nitampakulia."

Shemeji hakuvitaja. Alilinyanyua bakuli kubwa akalibamiza ukutani juu ya kichwa cha mama, vioo na kastadi vikamwangukia mabegani, kisha akamkaba koo. Ilitubidi sote kumbandua, na mzee aliyemwombea pudini alivunjwa jino. Mama alipopata pumzi alituuliza kama bado tunataka aiondoe kesi. Wazee wale wale walisimama mahakamani wakaeleza waliyoyaona, shemeji akafungwa, na mama akaendelea kuvuna ndizi zake hadi alipougua.

Watu wa huku tunajivunia upatanisho, na kweli umeokoa koo nyingi. Hata hivyo, tazama ni nani huombwa kwanza anyamaze. Nilikwenda nyumbani kwa mtu aliyekatwa vidole, nikala chakula chake huku nikimfundisha subira, na aliyemkata ameketi kando yangu, sikumwuliza neno. Siku hizi nikiitwa kusuluhisha, humgeukia kwanza aliyeumiza, nikamtaka ataje kwa kinywa chake alilolitenda. Akikataa, naaga na kuondoka, kwa sababu amani anayodaiwa aliyejeruhiwa peke yake ni jeraha la pili.