Shimo la Sechelela: Kutoka Haneti hadi Kibakwe na Kurudi

Niliondoka Haneti kwa hasira, na sioni sababu ya kulificha hilo. Watu wakisimulia safari zao huanza na nia njema: huyu alikwenda kutafuta chumvi, yule alimfuata ndugu yake. Mimi niliondoka kwa sababu shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliagiza mwanangu afichwe chumba cha ndani, nyuma ya vilindo vya kuhifadhia mtama, kama chungu kilichopasuka.

Mtoto huyo anaitwa Sechelela. Kwetu Ugogoni jina hilo ni la furaha, nami nilimpa nikijua ninachofanya. Alizaliwa kwa shida, na tangu uchanga mwili wake ulikuwa umekakamaa. Magoti yalibanana, miguu ilipishana kila nilipojaribu kumsimamisha, na mkono wa kushoto ulikunja ngumi muda wote. Maneno yake yalitoka polepole, lakini yalitoka, na akili yake ilikuwa kali kuliko ya wengi waliomsema. Wakati huo meno yake ya utotoni yalikuwa yameanza kung'oka, naye alikuwa hajawahi kukaa peke yake bila kuegemezwa. Bibi zake walimpaka samli na kumfunga miguu pamoja kwa ukanda wa ngozi ili inyooke. Haikunyooka. Alilia tu.

Siku niliyokasirika, nyumbani walikuwa wanatarajiwa wakwe, watu wa kwao binti aliyeposwa na mtoto wa shemeji. "Wakimwona huyu watasema ukoo wetu una kasoro," shemeji alisema. "Akae ndani mpaka waondoke. Na harusi ikifika, vilevile."

Nikamuuliza, "Na baada ya harusi?"

Aligeuka kuwaamuru vijana wafagie ua. Nilielewa kwamba jibu lake ni huko huko ndani, gizani, maisha yake yote. Nyumba zetu za tembe hazina madirisha. Nilikuwa nimesikia kwa wauza chumvi kwamba Kibakwe, kwenye milima ya upande wa Mpwapwa, yupo mama aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo, na sasa mtoto anatembea. Nikafunga unga na kibuyu cha maji, nikachukua na jembe jipya la kumpa huyo mganga, maana niliamini kabisa ni mganga. Nikambeba Sechelela mgongoni mchana kweupe, nikakatiza uani mbele ya macho ya wote. Atakayenizuia na ajitokeze, nilisema moyoni. Hakujitokeza mtu.

Kutoka Haneti hadi Ihumwa tuliongozana na wanawake waliokuwa wakipeleka unga kwa vibarua wa reli. Ilikuwa enzi ya Mdachi, na reli yake ilikuwa imefika uwanda wetu. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mito ilikuwa mchanga mtupu, tukawa tunafukua kwa mikono mpaka maji yachuruzike, kisha tunasubiri yatulie ndipo tunywe. Kumbeba mtoto aliyekakamaa si sawa na kumbeba mtoto wa kawaida. Anakusukuma, na kila ukijikwaa yeye anazidi kukaza. Jioni mabega yangu yalikuwa hayana ngozi.

Mmoja wa wale wanawake alinitazama siku nzima, kisha akashindwa kuvumilia. "Dada, ulivunja mwiko gani?"

"Labda uliuvunja wewe, mimi nikaletewa adhabu kwa makosa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaweka mzigo chini. Kuanzia hapo alinisaidia kumnywesha mtoto maji, na hakuuliza tena.

Ihumwa tulifika asubuhi. Kambi ilikuwa ya vibanda vya nyasi, moshi, na watu wa kila kabila wakizungumza Kiswahili cha kupigiana kelele. Mimi mwenyewe Kiswahili changu nilikiokota kwenye kambi hizo na njiani, ndiyo maana nikikasirika kinatoka vizuri zaidi. Garimoshi la kubeba mawe lilipopiga honi, Sechelela alikakamaa mzima mzima, akarusha kichwa nyuma, nusura tuanguke wote wawili kwenye tuta. Wanaume walisimama kututazama. Mmoja wao alikuwa Madeha, mume wangu, kibarua wa reli.

Madeha si mtu mbaya. Ni mpole, na upole wake ulikuwa umempeleka mbali na nyumbani ili asilazimike kubishana na kaka yake. Alitupeleka kibandani kwake haraka, akateremsha ngozi ya mlangoni.

"Rudi Haneti," aliniambia. "Kaka ameshasema."

"Kaka yako ameshasema. Mimi sijasema."

"Watu wa kambini wananicheka."

"Nilidhani wananicheka mimi. Kumbe na huku mtoto anafichwa," nikamjibu, nikaiinua ile ngozi mlangoni, mwanga ukaingia.

Sikulala vizuri. Nilidhani nimempoteza mume. Lakini kulipokucha Madeha alimchukua binti yake, akamweka mabegani, mguu huku na mguu huku wa shingo yake, akapita naye katikati ya kambi yote. Sechelela alimshika nywele kwa mkono wake mzima na kucheka kwa sauti, na mwili wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Sikujua sababu. Nilidhani ni furaha tu. Madeha alitusindikiza mpaka mwisho wa kambi, akatukabidhi kwa wapagazi waliokuwa wakienda Mpwapwa, watu aliowajua.

Karibu na Mpwapwa askari wa Mdachi alitusimamisha njiani. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye kofia nyekundu, na alikuwa akipekua kila mzigo. Aliponifikia alinigusa mgongoni kwa fimbo.

"Mzigo gani huo?"

"Si mzigo. Ni mtu. Msalimie."

Wapagazi waliinamisha vichwa, wakidhani nitachapwa. Yule askari aliinama, akakutana na macho ya Sechelela, naye Sechelela akaanza kuitafuta salamu, neno moja baada ya jingine, taratibu. Askari alisubiri mpaka salamu ikaisha. Kisha akaitikia, akatupisha. Sijui aliwaza nini, wala sikukaa kumuuliza.

Kibakwe ni nchi nyingine kabisa kwa mtu wa uwandani. Milima imesimama, kuna vijito vinavyotiririka hata kiangazi, na mashamba ya maharage yamelala kwenye miteremko. Nyumba ya Mama Chilewa, yule mama niliyesikia habari zake, nilielekezwa na kila niliyemuuliza. Nilimkuta akisaga ulezi. Nikamwamkia mbukwa, kwa heshima ya kwetu, nikapiga goti, nikaweka jembe mbele yake, nikasema nimefuata dawa.

"Dawa gani?" aliuliza. "Hapa hakuna dawa. Nani amekudanganya?"

Niligeuka nikatazama nilikotoka. Njia yote ile, na mabega yale. Wakati huo huo mwanawe, Chilewa, akaingia kutoka shambani, kijana mzima mwenye ndevu. Alitembea kwa kurusha mguu mmoja pembeni na kuinama upande, jembe begani. Hakuwa amepona. Machozi yakanitoka, na nikasema wazi kwamba nilitegemea kuona mtu aliyenyooka.

Mama Chilewa aliacha kusaga. "Ulitaka anyooke kama reli ya Mdachi? Shambani anafika. Nyumbani anarudi. Anajilisha, anajitawaza, anagombana na mimi. Kama hayo hayakutoshi, jembe lako lile pale, chukua uende zako."

Nilikaa. Nilikaa mpaka mvua zikanyesha, zikakatika, na mavuno yakaanza, nikilima maharage yake na yeye akinifundisha kumlea mwanangu upya.

Kitu cha kwanza alinikataza kumfunga miguu, na kumbeba akiwa amebanwa mgongoni. Nilipomsimulia jinsi Sechelela alivyolegea mabegani kwa baba yake, alinishangaa. "Umeletewa jibu ukaliacha Ihumwa. Miguu ikiachana, mwili unalegea. Mbebe kiunoni, ameupanda ubavu wako." Kisha akanipa ngoma yake kuukuu. Wanawake wa Kigogo tunapopiga ngoma huishika katikati ya mapaja, na hapo ndipo alipoiweka kwa Sechelela, akiwa amekaa kwenye mchanga na mimi nyuma yake. Magoti hayakuweza tena kubanana, maana ngoma iliyazuia. Alipiga kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikaa na ngumi yake, ukachelewa, kisha nao ukaanza kugonga.

Kitu cha pili kilikuwa shimo. Alilichimba kando ya jiwe la kusagia, kina cha kufika kiunoni mwa mtoto, akatandika mchanga laini chini na kuzungushia nyasi kavu ukingoni. Tukamteremsha Sechelela ndani, akasimama. Ardhi ilimshika pande zote. Mbele yake akawekewa bakuli mbili, moja ya mtama na nyingine tupu, ahamishe nafaka kutoka hii kwenda ile wakati sisi tunasaga.

Alimwaga. Nikakimbilia kumsaidia, na Mama Chilewa akanipiga kofi mkononi. "Mtama ni wangu, umwagike. Wewe ukimfanyia kila kitu, viungo vyake vitajifunza kwa nani?"

Nilimchukia mama yule, niseme kweli. Kuna siku Sechelela alilia kwa hasira, uso umejaa mchanga, nami nikaamriwa kukaa na mikono yangu mapajani. Chilewa alipita akamtazama. "Lia," alimwambia, "lakini usiache." Akaendelea na shughuli zake. Na mtoto hakuacha. Kila mara aliinua ngumi ile, ikakosa bakuli, ikarudi. Siku nafaka zilipodondoka ndani ya bakuli tupu kutoka mkono wake wa kushoto, nilipiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakatoka kuuliza ni harusi ya nani.

Mvua zilipokatika shimo lilikuwa limefukiwa kidogo kidogo, likafika magotini. Sechelela alikuwa anakaa mwenyewe, anajilisha ugali na mlenda, nusu kinywani na nusu kifuani, na akishika fito mbili alivuta hatua kutoka jiwe la kusagia mpaka mlangoni. Alirusha mguu kama Chilewa. Sikuona tena ubaya wake.

Tuliporudi kupitia Ihumwa, kambi haikuwepo. Reli ilikuwa imesonga mbele kuelekea machweo, na Madeha amekwenda nayo. Aliacha neno kwa muuza unga mmoja: nikifika nyumbani nimwambie kaka yake kwamba mtoto yule ni wake, Madeha, na atakaa anapotaka mama yake. Nililipokea neno hilo kwa moyo mweupe, ingawa ningependa alitamke mwenyewe.

Haneti tulifika mavuno yamekwisha. Watu wa nyumbani mtaniuliza nilijifunza nini njiani. Nilijifunza kwamba kule nilikoifuata dawa hapakuwa na dawa, na kwamba mwili wa mtoto hufundishika ukipewa nafasi ya kukosea mbele ya watu. Gizani nyuma ya vilindo hakuna cha kujifunza. Ndiyo maana kesho yake asubuhi nilichukua jembe, nikachimba katikati ya ua.

Shemeji alitoka akanikuta nimeshamsimamisha Sechelela shimoni, bakuli mbele yake. Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumalizia maneno ya harusi.

"Shimo katikati ya ua?" alisema. "Ng'ombe atavunjika mguu."

"Ng'ombe wana macho. Wapite kando."

"Mtoe kabla wageni hawajafika."

"Simtoi."

"Basi nitamtoa mimi," akasema, akainama na kunyoosha mikono.

Sechelela alishika ukingo wa shimo kwa mikono yote miwili. "Baba mkubwa," alisema, na neno lilichukua muda wake, "niache. Nafundisha miguu."

Shemeji alibaki ameinama, kwa sababu wakwe walikuwa wameshaingia uani na wote walisikia. Mama wa binti aliyeposwa, mwanamke mnene mwenye shanga nyingi shingoni, alitoka kwenye kundi, akaja mpaka ukingoni. Alimtazama Sechelela akihamisha mtama, punje mbili zikiingia na tatu zikimwagika. Nikajiandaa kwa tusi. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Alichuchumaa kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo watu wake wasingeisikia, "Kwa mtoto mkubwa kuliko huyu, mvulana, shimo linachimbwa kina gani?"

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia chini, akifuta vumbi ukingoni kwa kidole.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ndani," akasema.

Nikamwambia amlete. Kisha nikainuka, nikamgeukia shemeji, nikamwomba awasogeze ng'ombe wake mbali kidogo zaidi, kwa sababu mashimo yatakuwa mawili.