Mti Uliokataa Kuelea

Walisema sitamaliza darasa la nane. Mjomba wangu alilisema hilo mbele ya watu huku akishona wavu: mtoto wa mtoni, hata umvishe kaptula ya shule, mwisho atarudi kunuka samaki. Jirani yetu, mvuvi mzee, alisema labda nitamaliza, ila Kiingereza kitanishinda. Fundi seremala wa Mlabani, niliyempita kila asubuhi nikienda shule ya kati ya Ifakara, alisema mimi si wa kuaminiwa hata kwa msumari uliopinda. Leo nina stashahada. Nimeitia fremu na kuitundika ukutani mahali ambapo mgeni huiona kabla hajaniona mimi. Niliitundika pale makusudi.

Lakini kabla ya stashahada kulikuwa na somo moja la sayansi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika masika ambayo mto Kilombero ulianza kupanda mapema.

Babu, baba yao mama na mjomba, alikuwa amefariki. Kwetu mwenye mtumbwi akifa, mtumbwi wake hujazwa mawe na kuzamishwa kwenye maji tulivu, ukae huko mpaka msiba uondolewe. Kwa kawaida ni miezi michache na hakuna kinachoharibika. Hata walio hai huzamisha mitumbwi yao kiangazi ili jua lisiipasue. Wa babu ulikaa chini masika mawili, kwa sababu ndugu hawakupatana nani aurithi. Mjomba alipowashinda kwa maneno, tulikwenda kuutoa.

Mtumbwi ukishaondolewa mawe huinuka wenyewe. Huja juu taratibu, kama kiboko anayetaka kupumua, na wanawake hupiga vigelegele. Siku ile mawe yalitolewa yote, tukangoja. Haukuja. Wanawake walikuwa wamekwisha kufungua midomo, wakaifunga.

"Mzee amelala usingizi mzito," mjomba alisema, akacheka peke yake.

Wanaume waliuburuta kwa kamba mpaka nchi kavu, wakamwaga maji yaliyokuwa ndani, wakausukuma tena mtoni. Ukaelea, lakini ulikaa chini kuliko mitumbwi mingine, kingo zake zimekaribia maji. Mtumbwi wa mjomba mwenyewe ulikuwa umepasuka, na mama yangu alikuwa ng'ambo, juu ya dungu, akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Kila mtu pale alijua kwamba mto ukijaa, mtumbwi huo ndio utakaokwenda kumchukua.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha densiti. Aliweka mezani jino la kiboko, kipande cha jembe na gogo dogo la mninga, akauliza kipi ni kizito. Wenzangu walipiga kelele: jembe! Mwalimu akatikisa kichwa.

"Swali lenu ni la sokoni," alisema. "Mimi siulizi kizito. Nauliza kizito kiasi gani kwa nafasi kinayoijaza. Gogo la kubebwa kwa mkokoteni ni zito kuliko sindano, lakini nani amezama?"

Kisha akatuonyesha. Unapima kitu kwenye mizani, upate gramu zake. Unatia maji kwenye silinda ya kioo yenye alama, unasoma yalipofika. Unakitumbukiza kitu kwa uzi, unasoma tena. Maji yaliyopanda ndiyo nafasi ya kile kitu. Unagawa gramu kwa nafasi hiyo. Maji yenyewe ni moja. Kikizidi moja kitazama, kikipungua kitaelea. Kinachoelea unakifungia jiwe ili kizame, halafu unatoa nafasi ya jiwe. Wengi walilia na hesabu hiyo ya jiwe. Mimi niliielewa mara moja, na mwalimu alinituma ubaoni kuwaeleza wengine. Sioni sababu ya kulificha hilo.

Alituagiza kila mmoja alete kitu kigumu cha kwao. Nilijua nitaleta nini kabla hajamaliza sentensi.

Nilimpitia fundi seremala kuazima patasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka nini? Misumari sina."

"Naazima patasi. Kesho utaipata."

"Kesho ya nani? Watoto wa mtoni mkishika chuma mnakigeuza ndoana." Aliitoa hata hivyo, iliyo kuukuu kuliko zote, mpini umefungwa waya. "Usiporudisha, nitakuja kuchonga meno yako."

Jioni nilikwenda gatini wakati wanaume wakila. Nilichimba upande wa nyuma wa mtumbwi wa babu, mahali ubao ulipokuwa mnene. Ngozi ya juu niliitupa. Nilitaka mti wa ndani, ambao hewa ya siku zile chache haikuufikia. Kadiri nilivyochimba ndivyo patasi ilivyotoa maji badala ya vumbi. Nilipopata kipande cha ukubwa wa kidole gumba nilikifunga kwenye jani la mgomba kisikauke. Kutoka mtumbwi wa jirani, uliokuwa umeegeshwa pembeni, nilitoa kipande kingine kama hicho. Mitumbwi yote miwili ilikuwa ya mvule.

Kesho yake, Ijumaa, darasani, kipande cha jirani kilitoa sifuri nukta saba. Cha babu kilikuwa na gramu ishirini na mbili, na maji yalipanda alama kumi na tisa tu: zaidi ya moja. Nilirudia. Mwalimu alirudia mwenyewe, amefinya jicho moja mbele ya kioo.

"Hili ni jiwe gani?"

"Si jiwe, mwalimu. Ni mtumbwi."

Alinitazama. "Umekata juu tu?"

"Ndani, mwalimu. Kidole kizima."

"Na mtumbwi huo unaelea?"

"Ukiwa mtupu."

Alijua ninachokijua. Mtumbwi mzuri ukijaa maji hubaki juu, na watu huushika mpaka waokolewe. Kila mtoto wa Kilombero hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuogelea: ukipinduka, usiuache mtumbwi. Mtumbwi huu ukiingiwa na maji hautakuwa wa kushikwa. Mwalimu aliifunga silinda kwenye taulo lake. Shule ilikuwa na hiyo moja.

"Kawaonyeshe," alisema. "Vunja kichwa chako kabla hujavunja kioo hiki."

Nilifika nyumbani nikakuta mto umekwisha kumeza njia ya ng'ombe. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila sauti, na juu yake yanapita mafungu ya matete yaliyong'oka na mizizi. Mjomba alikuwa gatini na upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi.

Niliweka silinda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaitia maji, nikatumbukiza kipande cha jirani. Kikaelea. Nikatumbukiza cha babu. Kilishuka mpaka chini, kikatulia.

Mtu alicheka nyuma yangu, kisha akaacha.

"Umekitoa wapi?" mjomba aliuliza.

"Kwenye mtumbwi, mjomba."

"Umemkata baba yangu?"

"Nimekata mti, mjomba. Ukijaa maji utakwenda chini. Usimpakie mama."

"Sikilizeni msomi! Jino la mtu likitupwa mtoni linazama. Kwa hiyo watu hawaogelei?" Watu wakacheka tena, wakiwa na haja ya kucheka. Aliona patasi kiunoni pangu, niliyokuwa bado sijairudisha kwa haraka ya siku ile, akaichomoa, akaitupa ndani ya mtumbwi. "Hutamkata mara ya pili."

Nilimgeukia jirani. Nilimwomba mtumbwi wake.

"Na wewe umekata wangu pia?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Ndicho kinachoelea hicho."

Alikitazama kile kipande kwenye kioo kwa muda mrefu. "Chukua," alisema. "Ukiupoteza, shule basi. Utakaa hapa unichongee mwingine mpaka uote mvi."

Tulivuka, mjomba mbele katika mtumbwi wa babu na mimi nyuma katika wa jirani. Dungu lilikuwa limesimama majini hadi magoti yake, na mama alikuwa juu pamoja na magunia ya mpunga aliokwisha kuvuna, amejifunga kanga mbili. Mjomba alimweleza yote kabla sijafika. Nilimkuta ananitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Ni kweli umeutoboa mtumbwi wa babu yako?"

"Sikuutoboa, mama. Nimeupima. Panda huu wangu."

"Dada, panda," mjomba alisema. "Au nawe unamwogopa baba?"

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Kuukataa mtumbwi wa baba yake mbele ya kaka yake lilikuwa neno ambalo lisingefutika katika ukoo. Kuupanda ilikuwa ni kwenda chini, kama nilivyoona kwenye kioo. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Mahenge, ukuta mweusi, na maji chini ya dungu yalikuwa yanatekenya ngazi.

"Kaka," mama alisema, "mpunga ni wa shamba la baba, uende na mtumbwi wa baba. Mimi nitakaa na huyu. Mikono yake haiwezi kuushika mto peke yake, na usiku sitaki kuitwa kuja kuutambua mwili wake."

Hakusema ananiamini. Mjomba alipakia magunia, moja juu ya jingine.

"Usikate katikati," mama alimwambia. "Fuata matete."

Alikata katikati. Tulikuwa nyuma yake kidogo, pembeni, tulipoona fungu la matete likija na mkondo. Lilimgusa tu. Mtumbwi ulilala upande mmoja kidogo, maji yakaingia, na mjomba akaanza kuyachota kwa kofia. Haukupinduka. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: haukupinduka, ulishuka. Ulikwenda chini ukiwa umenyooka, pamoja na mpunga wote, kama mtu anayeshuka ngazi. Mjomba aliibuka akafanya tulichofundishwa sote. Alipapasa kushoto na kulia kutafuta mtumbwi ulioelea, na mikono yake ilishika maji.

Mama alimwita jina lake la utoto. Nilipeleka upondo hadi akaushika. Hatukuthubutu kumpandisha, alining'inia ubavuni mwa mtumbwi wa jirani, kidevu juu ya ukingo, mpaka ng'ambo. Njia nzima alikuwa anatazama maji nyuma yetu. Hata kiangazi, maji yalipopungua, tuliutafuta kwa pondo ndefu, tukagusa mchanga tu. Wavuvi wa pale mpaka leo hawatupi nyavu sehemu hiyo.

Jirani alipata mtumbwi wake jioni ile. Silinda niliirudisha Jumatatu, nzima. Mwalimu aliiinua mwangani, akaitazama, akaniita mbele ya darasa kunipa mkono. Nilimaliza la nane nikiwa wa kwanza, nikapelekwa mbali kusoma, na Kiingereza hakikunishinda. Nilirudi na stashahada ya ualimu kabla miaka ya hamsini haijaisha. Nilishuka kwenye lori Ifakara na viatu vya kamba, na kabla ya kwenda kwa mama nilipita Mlabani. Niliyekuwa bado sijamlipa alikuwa mmoja tu.

"Shikamoo, fundi."

Alinitazama kuanzia viatuni. "Marahaba. Nilisema hutarudisha."

Nilimpa patasi mpya ya chuma kizuri, katika karatasi yake ya mafuta. Aliijaribu makali kwenye ukucha.

"Hii si ile," alisema.

"Ile iko chini, fundi."

"Najua iko wapi." Aliiweka mezani mbali kidogo na vyombo vyake vingine, kama kitu ambacho bado hajaamua kukichukua. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. "Mjomba wako alikuja juzi," alisema. "Anataka ubao wa mvule. Nilimuuliza wa nini, hakusema."

"Ukimpa, upimwe kwanza."

"Na nani?"

"Na mimi. Nitaupima bure."

Akaichukua patasi, akaining'iniza ukutani pamoja na nyingine.