Mama Rula na Majibu Mia Tatu na Arobaini

Kilichovuta macho ya watu kwake kwanza kabisa kilikuwa rula. Asubuhi yake ya kwanza ofisini, mama huyu wa miaka hamsini na mbili aliketi mbele ya kompyuta, akatoa rula ya mbao mkobani, akaiweka juu ya kioo chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma. Vijana wa meza za jirani walitazamana. Kabla ya saa sita walikuwa wamekwisha kumpachika jina: Mama Rula. Hakununa. Alikuwa amesahihisha kurasa katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, mpaka kiwanda kilipofungwa, na jicho lake halikujua kutembea bila mkongojo.

Kampuni ile ndogo ilikuwa ikitengeneza programu ya kulinganisha faili. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi, unaitajia faili mbili, nayo inakuonyesha mstari upi umeongezwa, upi umeondolewa na upi umebadilishwa. Mteja wa kwanza angekuwa hospitali iliyotaka kulinganisha orodha za dawa za wagonjwa, ya jana na ya leo. Mama Rula aliandaa majaribio. Kila jaribio lilikuwa na faili mbili na jibu linalotarajiwa, na kompyuta iliyaendesha yote yenyewe. Programu ikijibu sawasawa, unatokea mstari wa kijani, ikikosea, mwekundu.

Alikuwa katika miezi mitatu ya matazamio. Ijumaa ya mwisho mkurugenzi angeamua kama anaajiriwa au anarudi nyumbani, na nyumbani alikwisha kukaa miaka miwili akihesabu mbao za dari.

Jumapili iliyotangulia, mumewe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha timu ya mpira ya mtaani, alimletea orodha mbili za wachezaji.

"Hebu nipitishie hizi kwenye hicho chombo chenu. Katibu kanirudishia orodha yangu, sijui kagusa nini."

Mama Rula aliandika amri. "Hakuna tofauti."

"Hakuna? Mbona golikipa wa akiba simwoni kwenye hii yake?"

"Vaa miwani, baba watoto."

"Nimevaa. Kwangu yumo, mstari wa mwisho kabisa. Kwake hayumo. Chombo chenu kimemmeza mtu mzima na glavu zake."

Mama Rula alicheka, kisha akaacha kucheka. Mumewe alikuwa amemaliza jina la mwisho bila kubonyeza kitufe cha kushusha mstari, na programu, kwa kukosa alama ambayo kitufe hicho huacha, haikuusoma mstari wenyewe. Lakini jambo hilohilo lilikuwa na jaribio lake. Aliliandika kwa mkono wake wiki ya pili, na kila asubuhi lilikuwa kijani.

Alilifungua. Jibu lililotarajiwa lilisema: hakuna tofauti.

Hapo akakumbuka. Mwezi uliopita fundi mkuu wa programu alibadilisha maneno ambayo programu hutolea taarifa zake, na majaribio yote mia tatu na arobaini yakawa mekundu kwa siku moja. Kulikuwa na amri fupi, "kubali", iliyochukua lolote ambalo programu imesema na kulifanya ndilo jibu sahihi. Aliiandika, kioo kizima kikawa kijani, akaenda kunywa chai. Kumbe katika mabadiliko yaleyale kosa lilikuwa limejipenyeza, naye alikuwa amempa mwanafunzi kalamu nyekundu ajisahihishe mwenyewe.

"Ukinyamaza, nani atajua?" mumewe aliuliza. Hakuwa akimshawishi, aliuliza tu.

"Mgonjwa wa mwisho kwenye orodha."

Jumatatu alimsubiri fundi mkuu mlangoni. Huyu alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Majaribio mangapi, mama?" aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Yote. Niliyakubali kwa mpigo mmoja."

"Mama, unaniua asubuhi yote hii."

"Nilifikiri nikungoje unywe chai kwanza, nikaona ni dhambi ya pili."

Binti alijishika kichwa, akatabasamu bila kupenda. "Amri hiyo niliitengeneza mimi. Nilikuonyesha kuitumia, sikukuonyesha kuiogopa. Lakini mkurugenzi nitamwambia ukweli wote."

"Mwambie. Mimi niachie siku nne, niyaandike majibu upya bila kuiuliza programu."

Alifanya kama walivyofanya kiwandani. Alichapisha faili zote kwenye karatasi, akatafuta mtu wa kumsomea. Alijitolea mmoja wa vijana wale waliompachika jina. Yeye alisoma faili ya kwanza kwa sauti, pamoja na kila nukta, kila nafasi na kila mstari mtupu, huku Mama Rula akifuata ya pili na kuandika jibu kwa penseli.

"Nafasi mbili," kijana alisema Jumatano, sauti imemkauka. "Mama, hivi kiwandani mlikuwa mnalipwa?"

"Tulikuwa tunapewa maji. Endelea."

Alhamisi jioni waliyaendesha. Majaribio mia tatu thelathini na moja yalikuwa kijani, tisa mekundu: makosa tisa, na ukiacha lile la mstari wa mwisho, hakuna mtu ofisini aliyejua kuwa yapo. Fundi mkuu aliyatazama kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea. Kufikia Ijumaa mchana alisema ameyarekebisha yote, ila hakutaka kuapa.

Saa nane mkurugenzi alikuja na kompyuta kama ile ya hospitali, akaiweka mezani. Alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu.

"Tuyaendeshe hapa, mbele yangu," alisema. "Yakiwa kijani yote, Jumatatu programu inakwenda hospitali na mama anasaini mkataba. Ukitokea mwekundu mmoja, yote mawili hayapo."

Fundi mkuu alibonyeza. Mistari ikaanza kushuka, taratibu kuliko walivyozoea, maana kompyuta ile ilikuwa nzito. Vijana waliacha viti vyao, wakasogea. Simu ya Mama Rula ilitetemeka mkobani. Alijua ni mumewe, akaiacha. Mia mbili ilipita. Mia tatu. Mkurugenzi alikuwa ameacha kutazama saa yake.

Mia tatu na sita, kijani. Mia tatu na saba, kijani. Mia tatu na nane ilisimama, ikafikiri.

Kijani. Yalibaki majaribio thelathini na mbili.