Kasi ya Uongo Juu ya Tanganyika

Kindege chetu kina miaka arobaini na saba. Jumanne moja asubuhi kikarudi ujana, kikakimbia kama kimetoka kiwandani jana.

Niliyejua sababu ni mimi peke yangu. Au ndivyo nilivyodhani.

Naitwa Bonfils, wa mtaa wa Ngagara. Miaka tisa nilikuwa rubani pekee wa Mama Irène, mwenye ndege, napeleka dawa Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

Halafu akaja Chanelle.

Miaka ishirini na sita, katoka shule ya urubani juzi tu, anacheka na kila mtu uwanjani. Mama Irène akaanza kumwita "binti yangu".

Mimi aliniita mwanangu lini?

Sitawaficha, roho iliniuma.

Wiki ya pili, Chanelle akasema mbele ya bosi: "Mama, hii ndege haifiki kilomita mia mbili ishirini kwa saa. Imezeeka. Mi naona mia mbili tu."

"Mia mbili ishirini imeandikwa kwenye kitabu chake!" nikafoka.

"Kitabu kiliandikwa ikiwa mpya, mukubwa."

Mama Irène akakata maneno. "Bon. Muende muipime."

Kupima si kazi. Unashika kimo kimoja na nguvu moja ya injini, unaruka pande nne, unasoma kasi kwenye GPS. Upepo unaokusukuma huku utakuzuia kule. Unajumlisha, unagawa kwa nne.

Jumanne hiyo nikarusha mimi, Chanelle akaandika.

Kila alipoinamia daftari, nikaongeza nguvu kidogo.

Jibu: mia mbili kumi na saba!

Chanelle akafunga daftari. Mama Irène akanipiga bega. Siku ile nilikula brosheti za mbuzi mtaani Nyakabiga kama bwana harusi.

Alhamisi, bosi akatangaza: "Kesho Chanelle anaenda Kalemie. Mafuta muyapigie hesabu kwa ile kasi ya Bonfils."

Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mzigo ukiwa mzito, tunaweka mafuta kwa kipimo, ya kwenda na kurudi. Kwa kasi ya uongo yangewekwa machache; upepo ukikaza tu, yangemwishia juu ya ziwa.

Asubuhi nikamkuta ameshafunga mkanda. Nikagonga mlango wa ndege.

"Shuka! Nilidanganya. Nilikuwa naongeza nguvu!"

Wala hakushtuka.

"Najua, mukubwa. Mushale wa kipimo cha nguvu hata mi nauona. Nimeshusha maboksi matatu, nikaongeza mafuta."

"Mbona haukusema?"

"Nilitaka useme we mwenyewe. Usingekuja, jioni ningemwambia Mama."

Akawasha injini, akaondoka.

Nikaenda kwa Mama Irène, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, nimpe funguo za ndege.

Tulipopima upya, Chanelle alirusha, mimi nikaandika: mia moja tisini na nane.

Miezi mitatu sikurusha. Nilimpakilia Chanelle maboksi yake.

Ndugu unayesoma, mwenzako akikuzidi, kubali. Mi nilitaka aaibike tu. Kidogo tukamtafute ziwani.